Yule Mkubwa Tuliyemgombeza

Yaya wangu Faida, dada yangu mkubwa, tulimzika Kiringye mwezi uliopita, na matanga hayajafika mbali nilikuwa nimeshachoka na watu. Mimi nikichoka na watu naenda jikoni, kwa sababu jikoni mtu akikusumbua unaweza kumtuma maji. Huko nilimkuta Bukuru, binti wa yaya, amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, hakorogi wala haangalii. Bukuru ni mwanamke mzima sasa, anauza vitenge Kamanyola, na ulimi wake ni mkali kuliko wangu, jambo ambalo si dogo. Siku hiyo alikuwa amenyamaza tangu asubuhi. Nilichukua mwiko nikaanza kukoroga mwenyewe, na ndipo akasema, bila kuniangalia, kwamba kuna neno linamsumbua.

"Mama mudogo, siku za mwisho mama alikuwa ananiambia nikule."

"Bagonjwa banasemaka mingi," nikamjibu.

"Hapana, sikia. Alikuwa anasema: kula, mama, kula, hakuna mwenye atakukataza tena. Kila siku. Na hakuwa ananiangalia minye. Minye nilikuwa nakaa kuume kwake, yeye anageukia kushoto, fasi hakuna muntu." Akaongeza kwa sauti ya chini: "Na pale inje kuko bamama banasema minye nilimukula ndugu yangu mu tumbo. Iko kweli?"

Nilimwambia aongeze mawese kwenye sombe. Aliongeza. Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, mahali mashamba ya mpunga yanapoanza, na mwaka ule wote, ule aliozaliwa Bukuru, ukanirudia, na harufu yake.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo ya diploma, na msichana anayesubiri matokeo hana sababu ya kukataa kazi yoyote. Yaya alikuwa na mimba ya miezi mitano, lakini tumbo lake lilikuwa la mtu anayezaa kesho. Muuguzi wa kituo cha afya cha Kiringye alilisikiliza kwa kile chombo chao cha mbao, akasogeza, akasikiliza tena, akasema mioyo ni miwili, nendeni Uvira. Mume wake hakuweza kuacha mpunga. Kwa hiyo nikawa mimi mlinzi wa mgonjwa: yule anayepika, anayefua, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda na kuamshwa kwa mguu. Nilikasirika sana, nasema ukweli. Nilikuwa nimepanga kuutumia mwaka ule kupumzika na kujitazama kwenye kioo.

Nyuma ya maternite ya hospitali ya Uvira, jengo la kuzalia, kulikuwa na nyumba ya kungojea. Chumba kirefu kimoja, vitanda vya chuma pande zote mbili, kuta zilizopakwa rangi ya kijani hadi kifuani na nyeupe kuanzia hapo kwenda juu, na dirisha la mwisho lililoangalia ziwa. Wanawake wenye mimba za hatari walitoka mbali wakaja kukaa pale ili uchungu usiwakute njiani. Joto la Uvira lilikuwa linaingia asubuhi na mapema na kukaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga. Jiko lilikuwa nje, chini ya mabati, mbabula za makaa zimepangwa mstari, kila mlinzi na yake, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, ilishika nywele, ilishika kitenge, ilishika hata Biblia ya mama mmoja aliyekuwa akisoma huku anapika. Tulikula bugali na ndagala, bugali na mchicha wa lengalenga, na siku mtu akiletewa samaki wa mukeke kutoka ufukweni sote tulimsalimia kwa heshima kubwa.

Malkia wa chumba alikuwa Mama Riziki wa Mutarule. Alishapasuliwa mara mbili na alikuwa anangoja ya tatu, na kwa sababu hiyo alijiona nusu daktari. Yeye ndiye aliyefundisha chumba chote namna ya kuishi na mama wa mapasa, yaani mapacha. Yaya hakuitwa tena Faida. Aliitwa Mama Mapasa. Alisalimiwa mara mbili: jambo, na jambo tena. Chai alimiminiwa vikombe viwili, bugali aliwekewa sahani mbili, na ole wako umletee ndizi moja. Walimwimbia nyimbo za mapasa, zile za matusi ambazo siku nyingine zingekufukuzisha kanisani, na yaya, mtu wa haya kabisa, alicheka hadi akashika mbavu. Wiki zile za kwanza zilikuwa nzuri. Nazikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko zile mbaya.

Kisha yaya akapimwa kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala, na siku hiyo kulikuwa na mama mwingine anangoja kupasuliwa. Alipitisha kile chombo tumboni akitazama kioo cha mashine, akatuambia haraka. Ni mapasa, wote wasichana. Kondo ya nyuma ni moja tu, wanaigawana. Mmoja ni mkubwa na ana maji mengi, yuko upande wa kushoto. Mwingine ni mdogo, maji yake kidogo sana, amebanwa kuume. Mkubwa anapata nyingi, mdogo anapata kidogo. Mama apumzike, arudi wiki ijayo. Akavua glavu akakimbia kwenye chumba cha upasuaji. Hakusema uongo hata neno moja, na sijawahi kumlaumu.

Lakini tuliyapeleka maneno yale kwenye chumba chetu kirefu, na pale yakapikwa. Mama Riziki alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akatoa hukumu. "Ule mukubwa iko muchoyo. Anakula ya mwenzake." Hakuna aliyepinga. Sisi tulijua watoto. Kila mmoja wetu alishaona sinia moja na mikono mingi, na yule mwenye mkono mrefu. Kwetu mapasa hawachaguliwi majina: anayetoka kwanza ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Lakini sisi hatukungoja. Tulikuwa tumewaona kwenye kioo, tukawapa majina kwa ukubwa wao: yule mnene tukamwita Bukuru, yule mdogo Butoyi. Mama mkwe wa yaya alipokuja kutoka Kiringye na mfuko wa mchele alituonya. "Majina ya mapasa inatolewa na mulango," alisema. "Mutoto hajapita ku mulango, munamuita namna gani?" Tukamwitikia kwa adabu na tukaendelea.

Basi kila chakula kikawa na kesi. Mama Riziki alikuja na sahani yake, akakaa kitandani kwa yaya, akagonga upande wa kushoto wa tumbo kwa kidole. "Weye Bukuru, hauna haya? Acha mwenzako akule." Chumba kinacheka. Mwanzoni ulikuwa utani. Yaya alilala kwa ubavu wa kushoto ili, alivyosema, yule mkubwa abanwe kidogo na mdogo apate nafasi. Kila asubuhi aliweka mkono kuume, akanong'ona: "Shikilia, Butoyi, shikilia mama." Tulisali kwa jina hilo. Chumba kizima, Wakatoliki na Waprotestanti, kilisali kwa ajili ya Butoyi. Mkono wake ulipohamia kushoto sauti ilibadilika. Tumbo lilikuwa linazidi kukua, ngozi inang'aa, yaya hawezi tena kulala wala kuvuta pumzi vizuri, na kucheza kwa mdogo kulikuwa kunapungua. Hapo utani uliisha. Siku moja nilikuwa nafua kwenye ndoo chini ya dirisha nikamsikia anasema peke yake, kwa meno yaliyofungwa: "Utamuua. Utamuua mwenzako na minye nitakuchukia." Yaya wangu, ambaye hata mbuzi hakuwahi kumtukana.

Daktari alijaribu. Alitaka kumpeleka Bukavu kwa mtaalamu, lakini mvua ilikuwa imeikata barabara ya milimani juu ya Kamanyola, na ng'ambo, upande wa Burundi, mpaka ulikuwa umefungwa. Alituambia kuna nchi ambazo wanaingiza mwanga ndani ya tumbo na kuichoma mishipa inayowaunganisha watoto, na kwamba hata Bukavu mashine hiyo haipo. Hakutuficha. Alichoweza ni kuyapunguza maji. Alimlaza yaya, akaingiza sindano ndefu huku akiifuata kwenye kioo cha ekografi, na maji yakaanza kushuka kwenye beseni, ya rangi ya majani ya chai yaliyochuja. Nilishika beseni. Lilijaa, nikaletewa lingine. Yaya alivuta pumzi ndefu ya kwanza tangu wiki nyingi, na mchana ule alikula sahani zake zote mbili, ndagala na pilipili, akalala. Tulidhani tumeshinda. Baada ya siku chache maji yalikuwa yamerudi.

Aliporudi kwenye ekografi mara nyingine, daktari hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti. Alituonyesha kioo muda mrefu, kisha akakizima, akamuuliza yaya: "Kwenu munalima nini, mama?"

"Mupunga."

"Munaleta maji kwa mifereji?"

"Njo vile. Inatoka ku shamba ya juu, inashuka ku ya chini."

"Sasa waza hii. Mufereji umebomoka, maji yote ya shamba ya juu inashuka ku ya chini, muchana na usiku. Shamba ya juu inakuwa je?"

"Inakauka."

"Na ya chini?"

Yaya alifungua mdomo ajibu, na nikamwona anakwama hapo hapo, mdomo wazi. Alikuwa mkulima, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Ya chini inaoza," alisema. "Mupunga inazama, inaoza."

"Njo ule mukubwa," daktari alisema. "Hachukui kitu. Damu inamuingilia tu, hana namna ya kuikataa. Moyo wake unasukuma damu ya batu babili na iko unachoka. Ule mudogo tutamuogopea, lakini minye namuogopea zaidi ule mukubwa."

Tulirudi chumbani polepole, yaya akiniegemea. Jioni nilimletea sahani zake, na Mama Riziki akaja na yake kama kawaida, akainua kidole. "Weye Bukuru." Yaya akakishika kidole kile hewani. "Acha," alisema. "Usimuguse." Akageuka, akalala kwa ubavu wa kuume kwa mara ya kwanza, ili wa kushoto apumue. Akaweka mkono juu yake, na nikamsikia, sote tulimsikia hadi mlangoni: "Kula, mama. Kula. Hakuna mwenye atakukataza tena." Alijua kabisa kwamba mtoto hali wala hajawahi kula, daktari alikuwa ameshamweleza. Lakini yale maneno mabaya aliyatamka kwa lugha ya sahani na bugali, na hakuwa na lugha nyingine ya kuyafuta. Aliyarudia siku zote zilizobaki, nazo hazikuwa nyingi.

Walimpasua mchana, baada ya daktari kuusikiliza moyo wa mkubwa na kukunja uso. Mdogo ndiye aliyekuwa karibu na mkono wa daktari, akatoka kwanza, mwekundu, mdogo kiasi cha kutosha kwenye viganja viwili, na akalia. Kilikuwa kilio chembamba lakini kilikuwa na hasira, na bado anayo. Mama mzalishaji akamfunika na kusema, kama desturi ilivyo, bila kufikiri: "Bukuru huyu." Kisha akatoka yule mnene. Alikuwa amevimba mwili mzima, mzuri, mwenye nywele nyingi, na hakulia. Wakamhangaikia. Baadaye walinipa mimi nimshike, nimemzungushia kitenge kipya, kwa kuwa yaya alikuwa bado mezani. Alikuwa anavuta pumzi kidogo kidogo, na kila mara nilingoja nyingine. Kule Uvira jua hujificha mapema nyuma ya milima, wakati ziwa bado linang'aa. Kivuli cha milima kilikuwa hakijafika kwenye uwanja wa hospitali nilipongoja pumzi nyingine na haikuja.

Nilifungua mdomo nilie. Mama mkwe wa yaya, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya upasuaji, alinishika bega, vidole vyake vikaingia ndani. "Hapana kulia," alisema. "Mapasa hafi. Amevuka. Ukimulilia huyu, ule mwingine atasikia, atamufuata." Hakulegeza mkono. Nikafunga mdomo. Nilikuwa na umri ambao mtu bado anaweza kutii.

Yaya alipoamka walimwekea mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi. Akatazama kushoto. "Na mwingine?"

"Butoyi alivuka," mama mkwe akamwambia.

"Butoyi iko hapa," yaya alisema akimgusa mtoto kichwani. "Butoyi njo ule mudogo."

"Hapana, mwanangu. Huyu alipita wa kwanza. Huyu njo Bukuru. Mwenye alivuka njo Butoyi."

Niliuona uso wake akiyapanga mambo hayo kichwani. Jina tulilolisalia wiki zote zile lilikuwa limekwenda na mtoto tuliyemtukana, na mtoto tuliyemwombea alikuwa amebaki na jina la matusi. Hakulia. Macho yalikuwa makavu kama ya mtu mwenye homa. Aliniita nikainama, akaniambia sikioni: "Nilimuambia nitamuchukia. Alisikia." Nikamwambia hakusikia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye diploma, na sikuwa na uhakika wa lolote.

Tulikaa pale hadi Bukuru alipopata uzito. Tulimbeba kwa zamu kifuani, yaya asubuhi, mimi mchana, tumemfunga kwa kitenge kama kangara, pombe inayotunzwa joto, na jasho lilitushuka wote wawili. Alinyonya titi la kuume tu. La kushoto lilikuwa la Butoyi, ndivyo ilivyo desturi, na lilijaa kama lingine, halikuwa na habari. Yaya alilikamua kwenye kikombe, akatoka nje akamwaga chini ya ukuta ulioangalia ziwa, akarudi akaosha kikombe. Mama Riziki, ambaye alikuwa ameshazaa salama na angeweza kuondoka, alibaki siku kadhaa. Alimfulia yaya nguo zote. Hakuimba tena na hakuomba msamaha. Hakuna aliyejua ungeombwa kwa nani.

Nilifaulu diploma, nikawa mwalimu, nikazeeka kwenye chaki. Yaya alirudi kwenye mpunga. Miaka yote mtu akimwuliza alijibu kwa utulivu, "Butoyi alivuka," kama mtu anayesema mwanaye yuko Bujumbura kwa biashara. Nyumbani kwake kulikuwa na sahani ya ziada mezani na hakuna aliyeitaja. Kumlilia hakuthubutu, kwa sababu Bukuru alikuwa hai, na kila homa ya Bukuru ilimkumbusha vidole vya mama mkwe. Mimi sikuolewa na sikuzaa, watu wananiita mgumu, na pengine ndivyo nilivyo. Nilijifunza ugumu huo siku moja, mchana, kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwangu.

Nilirudi jikoni. Bukuru alikuwa ameipua sombe. Nilikaa kwenye kigoda cha pili nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, na mfereji, na shamba la juu na la chini. Nilimwambia: "Haukumukula. Hakuna mwenye alimukula mwenziwe. Damu ilikuwa inatoka kwako, inaenda kwake."

Alifikiri. Si mtu wa kupewa jibu nusu. "Basi damu yangu njo ilimuua?"

"Ni mushipa. Mushipa hauko muntu."

"Na maneno ya mama?"

Hapo ningeweza kumwachia. Alikuwa amezika mama yake, na maneno ya mwisho ya mama ni mali. Lakini hayakuwa yake, na yule mwenye nayo alikuwa amengoja miaka mingi kuliko sisi sote. "Ilikuwa ya Butoyi," nikamwambia. "Yeye njo alikuwaka ku kushoto."

Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni. Amekuwa bibi kizee sasa, alitoka Mutarule kwa pikipiki na vitenge viwili, vibuyu viwili vya maziwa, na sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Aliingia, akakaa chini kwenye majivu na nguo zake nzuri. "Sasa mama yake ameenda kumuchukua," alisema. "Hakuna mwenye atamufuata tena. Munaweza kulia."

Bukuru ndiye aliyeanza. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia kwa kilio kile chembamba, chenye hasira, lakini nilikijua tangu siku aliyozaliwa. Kisha changu kikatoka, na wanawake waliokuwa nje wakasikiliza, na mmoja akasema kwa huruma, "Tazama vile alipenda yaya yake." Nilimpenda sana, Mungu anajua. Lakini yaya alingoja zamu yake mchana ule. Wa kwanza nilimlilia yule mnene.